Mwanzilishi Akae Umbali Gani na Biashara Inapokua? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya sisi tunaoshika vitabu vya biashara hapa Nakuru, Kenya, tunaulizwa na wenye hadwea, waoka mikate, wenye agroveti, wenye malori na wakusanyaji wa maziwa, kuanzia Naivasha hadi Busia. Wengi walianza peke yao na sasa wana watu kumi na watano, thelathini, wengine hata themanini. Hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu, lakini msimamo wetu utauona mapema: mwanzilishi apunguze mkono, asipunguze jicho. Ukiwa na haraka, soma kwanza "Nianze kuachia nini?" na "Nani atie sahihi kwenye pesa?"

## Mambo ya msingi

Biashara ikikua, mwanzilishi atoke au abaki?

Abaki, ila asibaki pale pale alipokuwa. Watu huuliza swali hili kana kwamba kuna njia mbili tu: ama uko kaunta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kufunga, ama umemkabidhi meneja funguo ukaenda kulima viazi Molo. Zote mbili tumeziona zikiua biashara nzuri. Wa kwanza biashara yake haiwezi kuzidi saa anazokuwa macho. Wa pili hushtuka mwisho wa mwaka kwamba stoki iliyo kwenye kompyuta na ile iliyo stoo ni vitu viwili visivyojuana.

Tunachoshauri ni kutenganisha kuamua na kujua. Maamuzi mengi ya kila siku yanaweza kufanywa na mtu mwingine, na mara nyingi atayafanya vizuri kukuliko kwa sababu yuko pale. Habari ndizo zisizopaswa kukupita. Mwenye biashara asiyejua jana ziliuzwa shilingi ngapi, nani anadaiwa, na mteja gani aliondoka amenuna, huyo hajakabidhi madaraka kwa mtu. Amehama tu.

Nitajuaje kwamba mimi ndiye ninayechelewesha mambo?

Keti kando ya kaunta yako nusu siku, simu imezimwa, uhesabu ni mara ngapi mtu anasema, "Ngoja nimuulize mzee."

Hadwea moja ya hapa Nakuru ambayo tulikuwa tukishika vitabu vyake ilikuwa na meneja, karani wa mauzo na mtu wa stoo. Fundi mmoja aliingia akitaka mifuko 60 ya simiti na mabati ya geji 30, akaomba apunguziwe shilingi 20 kwa mfuko. Jumla yake ni shilingi 1,200, kwenye oda ambayo simiti peke yake ilipita 40,000. Meneja akapiga simu. Mzee alikuwa mazishini huko Bahati, simu haikushikwa. Fundi akasema anavuka barabara kununua soda, na hakurudi. Jioni mzee alipoambiwa aliuliza, "Kwani hungempunguzia?" Meneja alinyamaza. Majuma machache nyuma alikuwa amekaripiwa mbele ya wateja kwa kupunguza bei ya rangi bila ruhusa.

Dalili nyingine ni hizi. Wauzaji wa jumla wanakupigia wewe badala ya ofisi. Cheki zinalala mezani zikingoja sahihi yako. Mtu mzuri uliyemtoa kampuni nyingine ameondoka kabla ya mwaka kuisha, na alipoondoka alitaja "sababu za kifamilia". Hizo sababu za kifamilia zichunguze vizuri, mara nyingi familia yenyewe ni yako.

Kuna idadi ya wafanyakazi inayonilazimu kuajiri meneja?

Hapana. Duka la watu wanane lenye matawi mawili linahitaji meneja kuliko kiwanda cha watu ishirini walio chini ya paa moja unaloweza kulizunguka kabla ya chai ya saa nne. Angalia umbali, saa za kazi na aina ya makosa yanayoweza kutokea. Biashara inayofanya kazi usiku, kama mikate, hufikia hapo mapema zaidi.

Mbona huko Marekani wanasema mwanzilishi asiachie?

Mwaka 2024 mjadala huu ulipamba moto Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia, baada ya Brian Chesky, mmoja wa waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi mtandaoni, kueleza kwamba ushauri aliopewa wa kuajiri watu wazuri na kuwaachia nafasi uliiumiza kampuni yake, naye akarudi kushika mambo kwa karibu. Wanaomuunga mkono hupenda kumtaja Steve Jobs, aliyeondoka Apple mwaka 1985, akarudi 1997 na kuiinua. Wanaompinga wana mfano wao pia: waanzilishi wa Google walimleta Eric Schmidt kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 2001, akakaa kwenye kiti hicho hadi 2011, na kampuni ikakua mno.

Ukiitazama mifano hiyo kwa makini, haipingani sana. Huko Google waanzilishi hawakwenda nyumbani, walibaki ndani wakishughulika na bidhaa. Jobs naye aliporudi hakuwa akihesabu stoo, alikuwa na watu hodari wa kazi hiyo.

Onyo letu ni moja. Kampuni hizo zina bodi, wakaguzi wa hesabu na mifumo ya fedha inayopiga kelele mambo yakienda kombo. Biashara nyingi za kwetu zina daftari, kompyuta moja, na kumbukumbu ya mwenyewe. Kwa hiyo yule wa Nakuru anayesema "mimi ni kama Chesky" ili aendelee kumpigia keshia simu kila saa, na yule anayesema "nimeajiri professor wa biashara, acheni afanye", wote wameazima nguo isiyo saizi yao.

## Kuachia na kushika

Nianze kuachia nini?

Anza na yale yanayojirudia kila siku na ambayo kosa lake unaweza kulilipa bila kuuza shamba. Punguzo la bei, ratiba ya zamu, njia za lori, ununuzi mdogo wa ofisi, kumjibu mteja anayerudisha bidhaa. Weka kiwango kwa maandishi: meneja anaweza kupunguza hadi kiasi hiki kwa mfuko, karani hadi kiasi hiki, kinachozidi hapo nipigiwe. Ubandike karatasi hiyo nyuma ya kaunta. Ile hadwea ya simiti tuliyoitaja ilihitaji karatasi moja tu.

Kisha kuna sehemu ngumu. Siku ya kwanza meneja atakapotumia ruhusa hiyo kwa namna ambayo wewe usingeitumia, nyamaza. Ukimgombeza kwa jambo lililo ndani ya kiwango ulichoandika mwenyewe, karatasi imekufa, na simu zitarudi zikiwa nyingi kuliko mwanzo.

Baada ya miezi mitatu minne, pandisha viwango. Wengi husahau hatua hii. Wanaweka kiwango cha shilingi 5,000 biashara ikiwa changa, na miaka sita baadaye mtu anayeendesha tawi la mamilioni bado anaomba ruhusa ya kununua betri ya lori.

Kitu gani nisiachie hata nikiwa na wafanyakazi mia mbili?

Tungetaja mambo manne, lakini si kwa uzito sawa.

La kwanza ni deni kubwa. Mkopo wa benki, dhamana ya shamba, na mteja mkubwa anayetaka mzigo wa siku 90 kabla ya kulipa, hayo yapite kwako. Kampuni za sukari za Magharibi zilipoyumba, wenye malori na wauza vipuri walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamempa mteja mmoja kila kitu kwa mkopo. Meneja hawezi kukubebea hatari kama hiyo kwa sababu nyumba inayouzwa si yake.

La pili ni kuajiri watu wanaoajiri wengine. Karani achaguliwe na meneja. Meneja, mhasibu na mkuu wa stoo, wachague wewe.

La tatu ni ubora wa kitu kilichokuletea jina. Mama mmoja mwenye bekari Kisumu aliacha kuoka zamani, ana meneja wa uzalishaji na madereva wanaopeleka mikate hadi Siaya. Lakini asubuhi mbili tatu kwa juma, kabla magari hayajapakiwa, huchukua mikate mitano kutoka kreti tofauti na kuiweka kwenye mizani. Mkate ulioandikwa gramu 400 ukisoma 380, hamgombezi mwokaji. Anauliza unga uliletwa lini, na nani alikata donge usiku. Haamui kitu pale. Ila kila mtu kwenye jengo lile anajua kuna mizani, na anajua mama atakuja, hajui siku.

La nne ni bei za msingi. Punguzo unaweza kumwachia mtu, lakini bei ya kuanzia ni uamuzi kuhusu biashara unayotaka kuwa.

Nani atie sahihi kwenye pesa?

Hapa tutachukua nafasi, kwa sababu ndipo penye machozi mengi.

Malipo ya benki yawe na watu wawili: mmoja anaandaa, mwingine anaidhinisha. Usikubali mtu mmoja afanye yote mawili, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Kwa malipo madogo, anayeidhinisha anaweza kuwa meneja. Kwa makubwa, wewe. Usisaini cheki tupu kwa sababu unasafiri. Tunaambiwa kila mara "ni moja tu ya dharura".

Pesa za Lipa na M-Pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kampuni. Kama bado zinatolewa kupitia simu, laini hiyo iwe ya kampuni na isikae mfukoni mwa mtu wa kaunta. Na zile siku ambazo "mashine imeharibika, tuma kwa nambari hii", uliza kila moja. Mteja akituma kwa nambari ya keshia, hutaona hasara kwenye kitabu chochote, utaona tu mauzo yameshuka na kila mtu atalaumu uchumi.

Kodi ni jicho lako mwenyewe. PAYE, yaani kodi ya mishahara ya wafanyakazi, inatakiwa ifike kwa mamlaka ya mapato, KRA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT tarehe 20. Kuwasilisha fomu ni jambo moja na kulipa ni jingine: mhasibu anaweza kuwasilisha kila mwezi bila kulipa hata shilingi, na akikuambia "nimeshafanya" hajadanganya. Dai risiti ya malipo. Hali kadhalika NSSF ya pensheni, SHIF ya matibabu na ushuru wa nyumba. Ukikata mishahara ya watu na pesa isifike, siku watakapokosa matibabu watakuja kwako, hawatamtafuta mhasibu.

Meneja anaelekea kukosea. Niingilie au nimwache?

Uliza kosa hilo litagharimu nini na litaonekana lini. Akiagiza rangi ya kijani nyingi mno, mwache, itauzwa polepole naye atajifunza. Akitaka kuhamisha duka kutoka barabara kuu kwenda jengo jipya lisilo na maegesho, ingilia leo, kwa sababu mkataba wa pango wa miaka mitano hauna somo la bei nafuu.

Unapoingilia, fanya hivyo ofisini mlango umefungwa, na uamuzi utangazwe na yeye mwenyewe. Wafanyakazi wakishasikia kwamba mzee alimpindua, kila mmoja ataanza kukata rufaa kwako.

Nikizunguka dukani na kuongea na watu, sitamharibia meneja?

Kuuliza hakumharibii. Kuagiza kunamharibia. Ukimkuta kijana wa stoo amepanga misumari vibaya, muulize, "Hii hupangwa hivi kwa nini?" Huenda kuna sababu usiyoijua. Kama hakuna, mwambie meneja baadaye. Ukimwambia kijana moja kwa moja "panga upya", sasa ana mabosi wawili, na atachagua yule anayemfaa siku hiyo.

Mwambie meneja tangu siku ya kwanza kwamba utakuwa ukizunguka. Wale wanaokasirika sana kwa jambo hilo dogo, tumejifunza kuwaangalia mara mbili.

Mimi niko Nakuru, tawi liko Kisumu. Nifanyeje?

Barabara hiyo, ukipitia Kericho, itakula sehemu nzuri ya siku kwenda na nyingine kurudi, kwa hiyo kuendesha tawi la Kisumu kwa mwili wako ni ndoto. Kuliendesha kwa WhatsApp ni ndoto mbaya zaidi. Tumeona makundi yenye picha za rafu kila jioni, na rafu hizo hupangwa vizuri kwa ajili ya picha.

Chagua mambo machache ya kuletewa kila siku kwa saa ile ile: mauzo, pesa iliyoingia benki, wadaiwa wapya, bidhaa zilizoisha. Kisha nenda bila tangazo, na ukienda usikae ofisini. Kaa na wateja. Nenda Kibuye siku ya soko uulize watu wanunua wapi na kwa nini. Muuzaji wa jirani atakuambia habari nyingi za tawi lako kuliko ripoti yoyote. Hesabu ya stoo ifanywe na mtu asiye wa tawi lile.

Jambo moja ambalo watu wa Nakuru hulichukulia kijuujuu: soko la Kisumu si lile la Nakuru lenye ziwa kubwa zaidi. Msimu wa pesa ni mwingine, wateja wana mazoea mengine, na meneja wa pale asipokuwa na uhuru wa kuchagua bidhaa utakuwa unampelekea vitu vilivyokwama kwako.

## Watu

Meneja awe wa nje au wa familia?

Awe anayeiweza kazi, na awe mtu unayeweza kumwachisha. Sharti la pili ndilo gumu kwa familia. Kama huwezi kumwondoa mpwa wako bila kikao cha ukoo, basi hujaajiri meneja, umegawa urithi mapema.

Nakuru tuna historia ya kutosha kuhusu hili. Chukua supamaketi tatu. Nakumatt ilianza hapa kama Nakuru Mattresses, ikawa jina la nchi nzima, na mwaka 2020 wadai wake wakapitisha ifilisiwe. Tuskys, iliyoanzia Rongai ya kaunti hii ya Nakuru, ilikumbwa na mvutano wa ndugu uliofika hadi mahakamani, na baadaye ikashindwa kulipa wauzaji wake. Naivas, ambayo pia mizizi yake iko upande huu, ilifungulia wawekezaji wa nje mlango, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius lilinunua asilimia 40. Hatusemi familia ndiyo iliyoua au kuokoa yoyote kati ya hizo, biashara kubwa haifi kwa sababu moja. Tunachosema ni kwamba mtu wa nje mwenye haki ya kuuliza maswali ni dawa chungu, na wenye biashara wengi hapa huikimbia hadi inapokuwa wamechelewa.

Wafanyakazi wa zamani wanamkataa meneja mpya. Wanasema "sisi tulianza na mzee."

Ni kweli walianza na wewe, na hilo lisichezewe. Kabla meneja hajafika, waite mmoja mmoja, uwaambie kazi zao, mishahara yao na nani wataripoti kwake. Anayestahili kupandishwa, mpandishe. Asiyestahili, mwambie ukweli, usimpe cheo cha "msimamizi mkuu" kisicho na kazi.

Baada ya hapo mlango wako wa nyuma ufungwe. Hapa waanzilishi ndio huvunja sheria yao wenyewe: mzee Fulani aliyekuwa turnboi wa lori la kwanza anakupigia saa mbili usiku kulalamika, nawe unamsikiliza kwa saa nzima kwa sababu unampenda. Msikilize. Kisha mwambie, "Umemwambia meneja?" Ikiwa ni wizi, unyanyasaji au hatari ya maisha, hapo sheria hiyo haipo, na wote wajue haipo.

Mume wangu, au mke wangu, ndiye anashika pesa. Yeye naye apunguze?

Ndiyo, kwa viwango vile vile. Tatizo la kawaida si wizi. Ni kwamba ada ya shule, harambee na mafuta ya gari hutoka kwenye droo bila kuandikwa, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua kama duka linapata faida. Jilipeni mshahara wote wawili. Uwe mdogo lakini uandikwe.

Nimpe meneja hisa?

Si mwaka wa kwanza. Mgao wa faida unatosha kwanza, na uandikwe jinsi faida yenyewe inavyohesabiwa.

Meneja amenivunja moyo. Naweza kumfuta leo?

Unaweza kumwondoa kwenye benki leo, kubadilisha nywila leo, na kumtaka akae nyumbani na mshahara wake wakati unachunguza. Kumfuta ni hatua yenye utaratibu wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize majibu yake. Hata akiwa ameiba. Wenye biashara waliokuwa na ushahidi wa kutosha hushindwa kesi kwa sababu walimtoa mtu getini kwa hasira.

## Wakati mgumu na visa vya pembeni

Biashara imeyumba. Nirudi kwenye usukani?

Kama tatizo ni pesa inayoisha, rudi, na urudi waziwazi. Waambie watu kwamba kuanzia Jumatatu malipo yote yanapita kwako, na hadi lini. Kurudi nusunusu, ambako meneja bado ana cheo lakini kila mtu anakuja kwako, kunawachanganya wote.

Kama tatizo ni mauzo kushuka, usikimbilie kiti. Kwanza nenda kwa wateja kumi walioacha kununua, mwenyewe, ukawaulize. Mara nyingi utakuta jambo ambalo meneja alikuandikia zamani na hukulijibu.

Mwekezaji anataka asilimia 51, anasema nitabaki mkurugenzi. Ni sawa?

Soma polepole. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, mkurugenzi anaweza kuondolewa kwa azimio la kawaida, yaani zaidi ya nusu ya kura za wenye hisa. Mwenye 51 anaweza kukutoa kwenye kampuni uliyoianzisha sebuleni kwako. Ahadi ya mdomo kwamba utabaki haina uzito, unahitaji mkataba wa wenye hisa unaosema hivyo.

Kwa upande mwingine, azimio maalum linahitaji asilimia 75 ya kura, kwa hiyo mwenye zaidi ya robo ya kura anaweza kuzuia katiba ya kampuni isibadilishwe. Ukibaki na 30 una nguvu ya kukataa, huna nguvu ya kuongoza. Lipa wakili wako mwenyewe, usitumie wa mwekezaji.

Tuko waanzilishi wawili, nusu kwa nusu, na hatuelewani mmoja akitaka kuachia na mwingine hataki.

Gawaneni maeneo kabla ya kugawana kampuni. Mmoja achukue mauzo na wateja, mwingine fedha na stoo, na kila mmoja awe na neno la mwisho kwenye eneo lake. Kwa yale manne ya swali la "Kitu gani nisiachie", mkubaliane wote wawili. Andikeni pia ni nani atakayeamua mkikwama: mtu wa tatu mnayemheshimu ambaye hamdai wala hamdaiwi naye. Kuandika hayo mkiwa bado mnakunywa chai pamoja ni rahisi kuliko baadaye.

Nikiugua ghafla au nikifa?

Kama ulisajili jina la biashara tu, wewe na biashara ni kitu kimoja kisheria, na mambo mengi yatasimama pamoja nawe. Kama ni kampuni, yenyewe inaendelea kuwepo, lakini hisa zako ni mali ya marehemu. Warithi wataenda mahakamani kuomba barua za usimamizi, tangazo liwekwe kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30, na kwa kawaida uthibitisho wa barua hizo hungoja miezi sita. Kwa miezi yote hiyo wafanyakazi wanataka mshahara.

Kwa hiyo kuwe na mkurugenzi wa pili. Kuwe na sahihi ya pili benki. Nywila za eCitizen na iTax zisiwe kichwani mwako tu. Andika wosia. Na angalau mara moja kwa mwaka kaa nyumbani wiki mbili bila kupiga simu, uone ni nini kitakwama. Wengi hukwama siku ya tatu, kwa jambo dogo kama ufunguo wa sefu.

Nataka kugombea uwakilishi wadi. Biashara itajiendesha?

Isipojiendesha sasa, haitajiendesha wakati wa kampeni. La kuhofia zaidi ni droo: wapambe watakuja kaunta wakisema "mheshimiwa amesema tupewe mabati kumi". Kabla ya kutangaza nia, mwandikie meneja barua kwamba bidhaa hazitoki bila ankara, hata kwa jina lako, hasa kwa jina lako. Nakala wape keshia na mlinzi wa geti.

Sitaki kukua zaidi. Nimekosea?

La. Duka moja linalolipa karo na kodi bila deni ni biashara kamili. Bado soma lile swali la kuugua.

Nambari yangu ya simu imeandikwa kwenye malori yote na kwenye ukuta wa duka. Niifute?

Oda na bei zihamie kwenye laini ya ofisi, na ukipigiwa kuhusu hizo mpe mteja nambari mpya hata kama jibu unalijua. Itachukua muda, wateja wa zamani watalalamika kwamba umekuwa mkubwa. Lakini usiifute yako kabisa. Iache nyuma ya lori, chini ya maneno "Malalamiko kuhusu dereva", na uishike mwenyewe ikilia.